Namkatia kaka yangu kipande cha ini, mama anaogopa nusu kaputi

Mtu wa Naliendele:
Wakuu, heshima kwenu. Kaka yangu ninayemfuatia, ini lake limesinyaa kwa homa ya ini B. Tumbo linajaa maji, wameshamtoa mara nne. Kapewa rufaa kwenda India kupandikizwa, na vipimo vya awali vinaonyesha mimi ndiye ninayefaa kumkatia. Kirusi sina, nimechanjwa.

Kisu sikiogopi, naogopa usingizi. Majirani wamemjaza mama kwamba ukipigwa nusu kaputi saa nyingi huamki, au unaamka umepungua akili. Juzi kanipakulia ugali na mbaazi, mwenyewe hakugusa, kakaa ananiangalia kama ananiaga.

Halafu kuna mawili ya aibu. Msimu wa mabibo nakunywa pombe yake, uraka, siku nyingine nipa, ile kali ya kukenekwa. Na mjomba kanipa chupa ya mizizi ya kusafisha damu, naipiga asubuhi na jioni. Nikimwambia daktari si ataniengua?

Bandari Salama:
Yaani unataka kumpa kaka ini lililokolea nipa? 😂 Pole mkuu, Mungu awe nanyi.

Kofia ya Kijani:
Mdogo wangu, nipo kwenye kazi hiyo ya usingizi. Ngoja nikueleze taratibu.

Usingizi wako na wa kaka ni vitu viwili. Wewe ni mzima. Utalazwa, utawekewa mpira wa kupumulia, watakata upande wa ini, mara nyingi wa kulia ambao ni zaidi ya nusu. Wakati wa kukata, mtu wa usingizi anakubania maji ya drip ili mishipa ya ini isivimbe ukavuja damu nyingi. Hatari ya kifo kwa mtoaji ipo ila ni chini ya mmoja katika 100. Atakayekuambia haipo kabisa anakudanganya. Ini lako litaota, sehemu kubwa ndani ya wiki chache.

Kwa kaka ndiko kazi ilipo. Kuna kipindi ini la zamani limetoka na jipya halijaanza kazi. Damu anayoongezewa ina dawa ya kuizuia isigande, ambayo kwa kawaida ini ndilo linaisafisha. Sasa ini halipo, dawa hiyo inakamata kalsiamu na moyo unalegea, kwa hiyo anaongezewa kalsiamu muda wote. Kisha wanafungua koleo lililobana mishipa, damu inapita kwenye ini jipya. Inayotoka pale ni ya baridi, ina asidi na potasiamu nyingi, inakwenda moja kwa moja kwenye moyo. Presha inaweza kuporomoka ndani ya dakika hiyohiyo. Ndiyo maana ana mrija kwenye mshipa wa kifundo cha mkono unaosoma presha kila pigo, na adrenalini ipo kwenye sindano kabla koleo halijafunguliwa. Hakuna anayemlaza mtu akaenda kunywa chai.

Uraka, nipa na mizizi: sema vyote, na kiasi. Pombe inajaza mafuta kwenye ini, na picha itakuumbua hata ukinyamaza. Mizizi mingine inaumiza ini lenyewe, mingine inafanya damu isigande. Acha leo. Kama unakunywa kila siku na mikono inatetemeka ukikosa, usikate ghafla, mwone daktari kwanza. Sema pia kama unavuta, kama una jino linalocheza, na kama kuna ndugu aliyewahi kuchemka homa kali akiwa kwenye usingizi.

Mwera wa Nyangao:
Mimi nilimtolea mume wangu. Nakuambia kosa langu ujifunze. Nilienda na korosho za kukaanga kwenye begi, alfajiri njaa ikanishika nikatafuna kiganja kizima. Mtu wa usingizi akaniuliza mara ya mwisho kula lini, nikajikuta nimesema. Wakaahirisha hadi kesho yake. Mume alininunia, lakini chakula kikipanda kikaingia mapafuni ni balaa. Wanataka ukae saa sita nzima bila chakula, maji matupu mwisho saa mbili kabla ya usingizi.

Maumivu baada ya hapo yalinizidi mimi kuliko yeye, maana niliingia mzima. Usijikaze, omba dawa, kohoa, tembea mapema. Nilipozinduka nikamwomba nesi maji kwa Kimwera, naye akanijibu kwa Kihindi. Akili ilirudi yote.

Shangani Kaskazini:
Hujaulizwa: wewe unataka? Mtoaji anatakiwa kuhojiwa peke yake bila ndugu, na unaweza kughairi hadi dakika ya mwisho.

Mtu wa Naliendele:
Nataka, mkuu. Nipa sinywi kila siku, mikono haitetemeki.

Mjomba nimemrudishia chupa yake, kaninunia. Mama nimemsomea ya Kofia ya Kijani. Kaniuliza kitu kimoja tu: huyo wa usingizi anakaa kichwani kwako mpaka mwisho? Nikamwambia haondoki, akitoka anapokelewa na mwenzake. Kanyamaza, kisha kavuta sahani.

Ila dada, gego langu la chini kushoto linacheza tangu Ramadhani.

Kofia ya Kijani:
Ling'oe hukohuko kabla ya kupanda ndege. Na mimi ni kaka.