Tumbili wana kirusi ndugu yake cha UKIMWI na hawaumwi, sisi ilikuwaje?

Mwenye_shamba: Wakuu habari zenu. Jana nimebishana na shemeji mpaka chai ikapoa. Anadai hawa tumbili wanaotumalizia mahindi shambani wengi wana kirusi ndugu yake cha UKIMWI na wanadunda tu miaka nenda rudi bila dozi yoyote. Nikamwambia uongo, nikagugo, kumbe kweli, kinaitwa SIV. Sasa kama wao na sisi ni ukoo mmoja mbona wao wana kinga sisi hatuna, au ilipotea njiani? Naomba kueleweshwa ila kwa lugha ya mtaani tafadhali.

binti_maabara: Haijapotea mkuu, ipo, tatizo shabaha yake iko kwingine. Kuna protini inaitwa TRIM5alfa. Kirusi kikishaingia ndani ya seli kinakuwa kimefunga jeni zake kwenye ganda, basi hii protini inajipanga juu ya ganda kama sega la nyuki, ganda linapasuka kabla ya wakati wake na kirusi kimeishia hapo. Mwaka 2004 watafiti wa Boston waligundua ya kima wa rhesus, wale wa Asia, inakinasa kirusi cha UKIMWI vizuri kabisa, ya kwetu inakipapasa tu. Na cha kushangaza, ukibadilisha amino asidi moja (yaani tofali moja la kujengea protini) kwenye ya kwetu, ya 332 kati ya 493, inaanza kukikaba. Moja tu! Nilishawahi kuziweka hizo protini mbili, ya rhesus na ya kwetu, juu na chini kwenye kompyuta, kila amino asidi na herufi yake, unashuka herufi kwa herufi zinafanana fanana, ukifika kipande kinachoshika ganda ni vurugu tupu, maana hapo ndipo kirusi na mwenyeji wake wamekuwa wakikimbizana mamilioni ya miaka, huyu akibadilika na yule anabadilika.

Babu_Kigoma: Binti umeeleza vizuri ila swali la tumbili umelikwepa 😀 Tumbili hakiui hicho kirusi, ukimpima damu kimejaa tele. Anachofanya ni kutulia. Wiki chache baada ya kuambukizwa mwili wake unazima king'ora, wa kwetu king'ora kinalia mwaka hadi mwaka mpaka askari wenyewe wanachoka. Halafu baadhi ya seli zake za kinga zinaificha ile CD4, ambayo ndiyo mlango wa kirusi. Na huyo rhesus unayemsifia, mpe SIV ya kima wa Afrika Magharibi uone, anapata UKIMWI na anakufa. Kwa hiyo usiseme tu ana kinga, sema dhidi ya kirusi gani.

Mwenye_shamba: Sasa hiyo shabaha nyingine ya kwetu ni ipi?

binti_maabara: @Babu nimekubali, hapo niliteleza. Mkuu, sokwe na gorila wana mabaki ya kirusi cha zamani sana kinaitwa PtERV1 kwenye jeni zao, nakala zaidi ya 100, sisi hata moja hatuna. 2007 watafiti wa Seattle walikifufua kipande wakaona TRIM5alfa yetu inakizuia, wakasema pengine ndiyo vita iliyoielekeza shabaha yetu huko, ikakiacha cha UKIMWI. 2008 wengine wakapima wakasema hapana, waliokizuia ni APOBEC3, walinzi wengine kabisa wanaoharibu maandishi ya jeni za kirusi. Mimi niko upande wa hawa wa pili.

Mwenye_shamba: Na sokwe wetu wa Gombe nao wametulia kama tumbili?

Babu_Kigoma: Wangekuwa wametulia ningefurahi. Watu walidhani hivyo kwa muda mrefu, mpaka 2009. Watafiti wa Gombe walikuwa wanaokota kinyesi na kukinga mkojo wa sokwe porini miaka na miaka, wakakuta wenye SIV hatari yao ya kufa ni mara 10 hadi 16 ya wenzao wa umri ule ule, na waliokufa wengine seli za kinga zenye ile CD4 zimekwisha kama za mgonjwa wa UKIMWI. Na kirusi chetu kilitoka kwa sokwe, wa kusini mashariki mwa Kameruni lakini, sio hawa wa huku.

Mwenye_shamba: Duh. Hii ya sokwe shemeji haijui, kesho zamu yangu.