Naomba ushauri: OCD inayong'ang'ania kosa lililotokea kweli

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa waliowahi kumhudumia mtu mwenye OCD (ugonjwa wa mawazo yanayojirudia na vitendo mtu anavyojihisi kulazimika kuvifanya ili atulie) ya hatia. Mgonjwa aliiba pesa za mwenzake shuleni zamani. Alishaomba radhi na kuzirudisha. Bado kila siku anapitia tukio zima kichwani akitafuta alichosahau kukiri, kisha anamuuliza mkewe, “Mimi ni mtu mbaya?” Akijibiwa “hapana”, anatulia kidogo tu, halafu anauliza tena kwa maneno mengine.

Jibu hilo ndilo linalolisha ugonjwa, maana ubongo unazoea kutulia kwa kuhakikishiwa tu. Dawa anatumia, fluoksetini, na kwa OCD inahitaji wiki 8 hadi 12, mara nyingi kwa dozi kubwa kuliko ya sonona. Zoezi alilopewa na mtaalamu ni kuandika “Huenda sitajua kamwe kama nimesamehewa”, aisome taratibu, akae na wasiwasi bila kukiri upya.

Tunapokwama ni hapa: kitendo chake cha kulazimika kiko kichwani, hakionekani kama kunawa mikono. Anasoma sentensi huku kimyakimya anajitetea, “lakini nilirudisha zote”, na zoezi linaharibika. Mnamfundishaje kutambua pale anapoanza kujitetea?

Halafu toba. Baada ya kila swala anarudia istighfari mpaka aone imetoka kwa moyo safi. Tumshirikishe sheikh wake amwekee kikomo, au naye atageuka wa kuulizwa kila siku? Na mke ajibu nini bila kuonekana hamjali mumewe?