Fes, Moroko: mimi mtoto wa Mji Mkongwe nimepigwa na papasi wa wenzetu, na wakala wa Dar ndiye aliyenikabidhi

Wakuu, salamu baadaye. Nina wiki moja tangu nirudi na bado nikikaa peke yangu nasonya. Kabla sijaenda nilipekua nyuzi zote za safari humu ndani, na kila niliyemsoma anaimba wimbo ule ule: Fes tamu, nenda tu, jipotezee vichochoroni, ndiyo raha yake. Jipotezee! Aliyeandika hivyo ama ana hisa kule ama hakutoka nje ya hoteli.

(Moroko ninayoisema ni ya Afrika Kaskazini, siyo ile ya Kinondoni unakoshukia mwendokasi. Najua humu watu hawana dogo.)

Mimi nimezaliwa Unguja, nimekulia nyuma ya Darajani. Papasi namjua kabla hajafungua mdomo. Nimewaona toka utotoni wakiwazungusha wageni kutoka Forodhani mpaka kwenye maduka ya vinyago, kila duka wana chao. Kwa hiyo nilipanda ndege nikijua kwamba mtu wa kupigwa ni mwingine, siyo mimi. Mama watoto ananikumbusha maneno yangu hayo kila tukikaa kula.

Tulilipa milioni sita na ushei kwa wakala mmoja hapa Dar, watu wawili, tiketi za ndege mbali. Jina silitaji, mods wasije wakaufunga uzi. Makubaliano yalikuwa siku mbili Casablanca, siku nne Fes, na "mwongoza watalii mwenye leseni, siku nzima ndani ya mji wa kale". Nikamwambia wakala kwa mdomo, nikarudia kwa WhatsApp, ujumbe ninao: shida yangu Fes ni moja tu, kusali Ijumaa Qarawiyyin. Mengine yote nyongeza. Akanijibu kwa dole gumba.

Kwa asiyejua, msikiti ule uliasisiwa mwaka 859 na mwanamke, Fatima al-Fihri, ambaye familia yake ilihama kutoka Qayrawan, Tunisia ya leo. Darsa za pale zikakua mpaka kikawa chuo, na leo kinatajwa miongoni mwa vyuo vikongwe kabisa duniani. Asiye Mwislamu haingii, anaishia kuchungulia mlangoni. Mimi naingia. Siku ile nimeoga, nimevaa kanzu, nimejifukiza udi niliokwenda nao toka nyumbani. Udhu ninao.

Sasa sikilizeni. Matembezi ya mji wa kale wakala aliyapanga hiyo hiyo Ijumaa. Ijumaa Fes maduka mengi yanafungwa! Watu wanasali, wanarudi nyumbani kula kuskusi. Aliyewahi kukanyaga pale hata mara moja analijua hilo, maana yake huyu anayeuza safari hajawahi kukanyaga. Tumeingia Bab Boujloud, lile lango la kwenye picha zote, buluu kwa nje na kijani kwa ndani (si la kale kama mnavyodhani, ni la 1913), tunateremka njia ya Talaa Kebira, milango imefungwa kushoto na kulia. Kilichokuwa wazi ni bucha moja lililotundika kichwa kizima cha ngamia na shada la majani kinywani.

Ila maduka aliyotuingiza mwongozaji yalikuwa wazi. Yote. La vyungu na sahani, la mafuta ya argan, la ngozi. Yamefunguliwa kwa ajili yetu na kikundi kingine cha Wahispania tuliokuwa tukipishana nao mlangoni kama zamu ya kliniki.

Tulipofika madrasa ya Bou Inania nikamwambia bwana, hapa nataka kukaa. Sultani aliyeijenga, Abu Inan, ndiye aliyeamuru Ibn Battuta asimulie safari zake, zikaandikwa Fes, kazi ikakamilika 1355. Na humo mna Mombasa, mna Kilwa, alikopita 1331. Yaani Kilwa ya enzi zile dunia inaisoma kwa sababu kuna karani alikaa mji huu na kalamu yake. Namweleza kwa hamasa, mwenzangu anatikisa kichwa, "ndiyo, khuya, ndiyo", huku anaangalia saa. Dakika kumi tukatolewa. Kwenye mazulia tulikaa saa mbili na nusu.

Kwenye ngozi sisemi sana. Mashimo ya Chouara unayaona kutoka juu ya paa za maduka, wanakupa tawi la mnanaa uliweke puani kwa sababu ngozi inalowekwa kwenye chokaa na kinyesi cha njiwa. Kuangalia wanasema bure. Kushuka ngazi bila kununua ndiyo kuna gharama. Nikatoka na makubazi ya njano ambayo mpaka leo hayavaliki ndani ya nyumba kwa harufu.

Basi mazulia. Nyumba kubwa, ghorofa ya juu, sisi wawili tumekalishwa kwenye viti vya mito, chai ya mnanaa inamiminwa kutoka juu kama mtu anapima kimo cha birika. Vijana wawili wanarusha mazulia sakafuni, moja juu ya jingine. Mwenye duka anasema "angalia tu, kuangalia hakuna pesa." La tano au la sita lilikuwa zuri kweli, nami kwa adabu zetu za pwani nikasema, "Safi!"

Akakunja. Nikasema tena, safi, safi sana, nikimaanisha kazi nzuri. Kijana akaleta kamba akaanza kulifunga.

Wakuu, kwa Kiarabu cha Moroko "safi" ni "basi, tumemaliza". Mimi nasifia, mwenzangu anasikia nimekubali. Mwongozaji wangu, mwenye leseni, anayelipwa na pesa yangu anifasirie, yuko pembeni anachezea simu. Tumeanza na dirhamu elfu kumi na nne, kelele, mkono moyoni, watoto wake, watoto wangu, tukaishia elfu tatu na mia mbili. Zidisha kwa kama shilingi mia mbili sitini mjue wenyewe.

Na katikati ya kuvutana huko ndipo nikasikia adhana.

Nikasimama. Nikamwambia mwongozaji tumechelewa, twende. Yule mtu akaniangalia usoni akaniambia: "Wewe msafiri. Ijumaa si wajibu juu yako."

Nisomeshwe fikihi na mtu aliyenifungia dukani! Ruhusa ya msafiri naijua toka chuoni kwa maalimu, lakini ruhusa ni yangu, siyo yake kunitumia nisitoke kabla kadi haijapita kwenye mashine. Tulipotoka watu walishasali, wanatawanyika, mitaa imejaa kanzu nyeupe. Mama watoto anasema alimwona mwongozaji akiingia chumba cha nyuma na kutoka anasukuma bahasha kwenye mfuko wa jalabiya. Mimi sikuiona, nilikuwa naweka saini ya laki nane.

Wakala nikampigia usiku ule. Kasema, "Bosi, kule ndiyo utamaduni wao." Huyu nitamrudia.

Jumapili, kwenye duka lisilo na mwongozaji, nikakutana na pacha wa zulia langu. Kabla sijafungua mdomo bei ilikuwa elfu moja na mia nne.

Sasa yale ya vichochoroni mnayoyaita raha. Ijumaa jioni tumejaribu kurudi riadi (ile nyumba ya wageni tuliyofikia) wenyewe. Simu inakuonyesha uko juu ya nyumba ya mtu. Kijana anatokea: "Njia hii imefungwa, inakwenda msikitini tu, pita huku." Haijafungwa. Kesho yake tulipita pale pale, imenyooka. Akatufikisha kwenye duka la binamu yake, kisha akataka dirhamu hamsini ya kutuongoza, nilipompa kumi akanifokea. Na kwa kuwa mimi mweusi walinipa kabila lao: "Senegal! Senegal! Tijani?" Ndani ya mji ule kuna zawiya, nyumba ya ibada ya tarika, alikozikwa Sheikh Ahmad al-Tijani, mwasisi wa tarika ya Tijaniyya, aliyefariki 1815, na Wasenegali wanakuja kumzuru kwa wingi, basi kila mtu mweusi kwao ni mzuru, anasukumwa kuelekea zawiya kisha anadaiwa. Wengine wanakuita "Afrika!" tu. Ndugu yangu, kwani wewe uko bara gani?

Kilichonimaliza kabisa ni soko la Attarine, mtu mzima ananitilia karafuu kiganjani, ananieleza jinsi ya kuzinusa, anasema zimetoka mbali sana. Karafuu. Mimi.

Jumamosi nilimwacha mama watoto amelala nikaenda Qarawiyyin peke yangu, Alasiri. Hakuna aliyenizuia. Mlangoni watalii wamejazana na simu zao, nikapita katikati yao na viatu mkononi. Uani kuna birika la maji na vigae mpaka macho yanachoka, marumaru baridi chini ya nyayo, wazee wameegemea nguzo. Wamaliki wale, kwa madhehebu yao mikono wameiachia, mimi nimefunga kifuani, na hakuna aliyenitazama mara mbili. Nimekaa mpaka Magharibi. Dirhamu sifuri.

Kutoka riadi mpaka pale ni dakika kumi na mbili kwa mguu. Dakika kumi na mbili, na wataalamu wawili waliolipwa walishindwa kunifikisha.

*

NYONGEZA: nimeona maswali, najibu kwa mkupuo.

Aliyeuliza kama asiende: nenda, ila usipite nilikopita. Mwongozaji wa kweli ana kitambulisho cha wizara ya utalii, anakivaa shingoni, na wa kwangu alikuwa nacho, kwa hiyo kitambulisho peke yake hakitoshi. Mwambie kabla hamjatoka mlangoni, mbele ya mwenye riadi: dukani siingii hata moja, na nikiingia nalipa nusu ya ujira. Atakununia. Mwache anune.

Ukipotea, mteremko unakupeleka Qarawiyyin, mpando unakurudisha Boujloud. Siyo kila kichochoro, lakini inasaidia kuliko simu. Na usimuulize kijana aliyesimama, muulize mzee aliyekaa dukani kwake. Huyo hawezi kuacha duka akusindikize.

Ukisikia "Balak!" bana ukutani papo hapo. Mle hakuna magari, ni punda na nyumbu (siyo wale wa Serengeti), wamebebeshwa mitungi ya gesi, na hawana breki. Goti la mama watoto ni shahidi.

Taksi ndogo za Fes ni nyekundu, abiria watatu mwisho, mita inatakiwa iwashwe. Usiku nauli inapanda nusu, hiyo ni halali yao, msigombane bure. Dereva akisema mita mbovu, shuka.

Bei: wazee wengine bado wanahesabu kwa riyali, na riyali ishirini ndiyo dirhamu moja. Ukiambiwa elfu mbili usizimie, ni mia moja. Na dirhamu usibaki nazo nyingi, haziruhusiwi kutolewa nchini kiholela na hapa Dar hakuna atakayekubadilishia.

Mkuu uliyesema nina chuki na Wamoroko, hujasoma. Kuna mzee anauza bisara, ile supu nzito ya maharage mapana yaliyopondwa, juu mafuta ya zeituni na bizari, mkate pembeni. Dirhamu nane. Nilikula kwake asubuhi tatu mfululizo, siku ya tatu akakataa pesa yangu. Mgahawa aliotupeleka mwongozaji tulilipa mia moja themanini kila mmoja kwa kuku aliyepashwa moto. Ugomvi wangu ni na mnyororo wa kamisheni, na pete yake ya kwanza iko hapa hapa Dar, ghorofa ya pili, ina kiyoyozi.

Aliyeuliza kuhusu kudai pesa: nimekwenda ofisini mara mbili. Mara ya kwanza meneja yuko semina. Ya pili wameniambia huduma "ilitolewa kikamilifu" na wakanionyesha picha yangu niko juu ya paa la ngozi na tawi la mnanaa puani, nacheka. Risiti ya mashine hawakunipa, karatasi ya mkono tu, na hilo nalifuatilia kwingine.

Mwenye uzoefu wa kuwabana mawakala wa namna hii aje PM. Na anayetaka zulia, mita mbili kwa tatu, jekundu la kukolea, halijakanyagwa, aje pia. Bei tunazungumza. Makubazi natoa bure.