Wazee kutoka Ahmedabad, Gujarat, nchini India wanakuja Uingereza: niwapeleke wapi?

Mkaazi wa Reading
Ndugu wanajukwaa, wazazi wa mwenzangu kazini wanawasili mwezi ujao kutoka Ahmedabad, nami ndiye nitakayewaendesha. Ni watu wazima sana, hawali nyama, na wanachotaka ni kuona mahali ambapo historia ya Uingereza na ya kwao zilikutana. Je, niwapeleke wapi pasipo na mwendo mrefu wa miguu? Na je, ni busara kuwaonyesha almasi ya Koh-i-Noor, au nitakuwa ninatonesha kidonda?

Dereva Mstaafu
Anzia jirani. Stoke Row, kijiji cha Oxfordshire kisicho mbali nawe, kina kisima kilichogharimiwa na Maharaja (mtawala) wa Benares, India, na kufunguliwa mwaka 1864. Edward Reade, Mwingereza aliyekuwa na cheo serikalini huko India, alimsimulia Maharaja jinsi watu wa vilima vya kwao Uingereza walivyotaabikia maji, hata mtoto akachapwa kwa kunywa tone la mwisho lililobaki nyumbani. Kilichimbwa kwa mikono, zaidi ya mita 110 kwenda chini, na juu ya mtambo wa kuvutia ndoo, chini ya kuba, amesimama tembo wa rangi ya dhahabu. Hapo mfadhili ni Mhindi na mfadhiliwa ni Mwingereza, jambo ambalo sisi hatukufundishwa shuleni.

Binti Pangani
Baada ya hapo nendeni Brighton. Royal Pavilion, lililokuwa kasri la starehe la George IV, liligeuzwa mwaka 1914 kuwa hospitali ya askari wa India waliojeruhiwa vitani Ulaya, na majiko yakatenganishwa ili kila mmoja apikiwe kwa kufuata dini na tabaka lake. Wahindu na Masingasinga waliofariki walichomwa kwenye vilima nje ya mji, palipo na mnara wa marumaru uitwao Chattri, ilhali Waislamu walizikwa Woking, karibu na Msikiti wa Shah Jahan uliojengwa mwaka 1889. Kwenye Chattri gari halifiki; mtu hupita malishoni kwa miguu, kwa hiyo wazee watosheke na Lango la India la mwaka 1921, lililo hapo hapo bustanini mwa kasri.

Mama wa Leicester
Kaka, msiliache hekalu la Wahindu la Neasden, London, lililofunguliwa mwaka 1995, ambalo mawe yake kutoka Bulgaria na Italia yalichongwa India kisha yakaja kuunganishwa hapo. Viatu huvuliwa mlangoni. Waumini wengi ni Wagujarati waliotoka Afrika Mashariki, basi usishangae bibi mmoja akikujibu kwa Kiswahili. Kuhusu Koh-i-Noor, waulize wenyewe kwanza. Mwaka 1849 Waingereza waliitwaa kutoka kwa Duleep Singh, maharaja aliyekuwa bado mtoto wa miaka kumi, na hakuna Mhindi wa umri wao asiyejua habari hiyo. Wakikubali, wapeleke asubuhi mapema, kwa maana foleni ya Tower of London, ngome inamohifadhiwa almasi hiyo, huwachosha hata vijana.