Naomba ushauri: nimwandikeje mwanamke anayejiuza?

Wakuu, naandika filamu fupi. Mhusika mkuu ni mama anayejiuza usiku ili alipe ada ya mwanawe. Waliosoma rasimu wanataka mwishoni afe au aokoke. Mimi sitaki. Filamu nyingi humwadhibu mwanamke, mteja akarudi zake nyumbani salama!

Katika riwaya ya Petals of Blood (1977), Ngũgĩ wa Thiong'o alimpa mhusika wake Wanja akili ya biashara, hasira na historia yake. Kijiji chao, Ilmorog, kinageuka mji wa benki na kiwanda cha pombe, naye anaishia kufungua danguro. Unaiona kabisa njia iliyomfikisha pale.

Mimi nina onyesho moja tu la aina hiyo: anahesabu noti jikoni, ya kodi anaitenga kwanza.

Mteja nimwonyesheje naye abebe lawama yake? Na waliowahi kuzungumza na wanawake wa kazi hii kabla ya kuandika, mliwaendeaje kwa heshima?