Tupeane uzoefu: doria ya kasa fukweni kipindi cha masika

doria_alfajiri
Wakuu, kaskazi imekata, kusi inaanza kunusa, na kasa wa kijani ndio hao wanapanda kutaga kuanzia Kiunga na Watamu hadi Saadani na Mafia. Tukusanye hapa mambo ya kazi: kuingia pwani saa ngapi, kusoma mburuzo (alama anayoacha kasa akitambaa mchangani), kuhamisha mayai, kulinda kiota, kufukua kiota kilichoanguliwa. Nyimbo za "tutunze mazingira" tuwaachie wenye mabango.

Naanza na muda. Doria ipangwe na maji, ratiba ya ofisi ifuate nyuma. Kwenye pwani yetu siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) maji hujaa kwenye saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, hupwa saa 4. Siku za maji mafu (maji madogo, katikati ya bamvua na bamvua) mambo hugeuka: hujaa saa 4, hupwa saa 10. Sasa mtu akiingia saa 12 asubuhi siku ya bamvua, maji ya saa 10 yameshafuta sehemu yote ya chini ya mburuzo. Kinachobaki ni mita chache juu ya mstari wa takataka za bahari, na anayetembea ukingoni mwa maji anapita kiota bila habari. Siku hizo tembea juu, usawa wa majani. Siku za maji mafu pita katikati ya pwani, maana maji yalishuka kuanzia saa 4 usiku hadi saa 10 alfajiri na mburuzo mzima uko pale, wa kupanda na wa kushuka.

Ukishauandika mburuzo, ukate kwa kuburuta mguu mstari mmoja juu yake. Wa kesho asije akauhesabu tena. Nusu ya takwimu za ajabu kwenye madaftari ya doria zinatokana na kusahau hilo.

Kidau
Naongezea kusoma alama. Kasa wa kijani hutupa mapezi yote mawili ya mbele kwa pamoja, kwa hiyo alama za kulia na kushoto ziko sambamba kama za tairi la trekta. Upana ni kama mita 1 au zaidi, na mkia huacha mstari katikati. Ng'amba, aina nyingine ya kasa, hutambaa kwa kupishanisha, kulia kisha kushoto, na upana wake ni sm 70 hadi 85. Ng'amba pia ana tabia ya kuingia hadi chini ya vichaka, kwa hiyo mburuzo ukipotelea kwenye majani usigeuze, inama uangalie ndani.

Kujua upi wa kupanda na upi wa kushuka: mchanga husukumwa nyuma ya mwelekeo anaoenda. Pale miburuzo miwili inapokatana, ulio juu ya mwenzake ndio wa kurudi.

Mburuzo uliopinda na kurudi baharini bila mchanga kuchafuliwa, andika "hakutaga". Na andika sababu kama inaonekana: mizizi ya mvinje, mchanga mkavu unaoporomoka kila akichimba, nyayo za watu, moto wa wavuvi. Kasa wa namna hiyo mara nyingi hurudi usiku huohuo au unaofuata, karibu na hapohapo. Kuna faida kuliko kuandika tu "0".

MajiMafu
Swali kwenu. Vijana wapya wanachimba kwenye shimo kubwa la mwisho mpaka kiunoni, mayai hakuna. Wanakosea wapi?

Kidau
Shimo kubwa la mwisho ni pale alipoondokea, mkuu. Kasa wa kijani akimaliza kutaga huanza kufukia huku akisogea mbele na kurusha mchanga nyuma. Mayai yanabaki nyuma ya shimo hilo, mita 1 hadi 2 kufuata upande aliotokea, chini ya tuta la mchanga uliorushwa. Piga magoti, bonyeza kwa kiganja: mchanga uliochimbwa hulegea, wa pembeni hukaza. Ukipata sehemu laini chimba kwa mkono taratibu. Yai la kwanza utalikuta baada ya sm 40 au 50, na chini kabisa huenda ikafika sm 80.

Fimbo ya kuchomea msiiguse. Yai moja likitoboka, harufu yake inaita siafu na kaa wa mchangani, na ukungu unahamia kwa mengine. Umeokoa dakika 10, umeua kiota.

BintiMkoko
Kuhamisha mayai ndiko kunakoharibu zaidi, hivyo nitakwenda polepole.

Kwanza jiulize kama kuna haja. Bamvua kubwa za mwaka huja karibu na Machi na Septemba, jua linapokuwa juu ya ikweta. Mstari wa takataka wa bamvua ya Machi upigilieni vigingi, kimoja kila mita 50, msubiri. Kiota cha Aprili au Mei kilicho juu ya vigingi hivyo kiacheni. Kilicho chini yake, hata kama leo pamekauka kabisa, bamvua mbili tatu zitapita juu yake kabla hakijaanguliwa. Mayai yanavumilia kuloa mara moja, lakini maji yakituama juu yake mara kwa mara yanakosa hewa.

Kama lazima kihame, kihame ndani ya saa 6 tangu kutagwa, na ndani ya saa 2 ni bora zaidi. Baada ya hapo kijusi kinajishikiza kwenye utando wa juu ndani ya ganda. Ukiligeuza yai kinachanika, na hutaona kitu kwa nje: yai linakaa jeupe wiki kadhaa, siku ya kufukua ndipo unajua. Kwa hiyo kama hujui lilitagwa saa ngapi, tumia alama ya penseli laini upande wa juu wa kila yai kabla ya kulitoa, na lisigeuke hata kidogo. Ikiwa zimepita saa 12, mimi ni wa kusema liacheni, tafuteni njia nyingine ya kukilinda.

Utaratibu: pima kwanza kina cha juu na cha chini cha kiota cha asili kwa futi kamba. Weka mchanga wenye unyevu sm 5 chini ya ndoo. Toa mayai moja moja, hesabu kwa sauti na mwenzako aandike. Tegemea 100 hadi 130, ya ng'amba yanaweza kuzidi hapo. Funika kwa mchanga wa kiota chenyewe. Ndoo ibebwe kwa mkono, watu wawili wapokezane. Pikipiki hapana, kwa sababu ule mtikisiko unayazungusha mayai ndani ya ndoo hata kama juu hayaonekani kusogea.

Shimo jipya liwe na umbo la mtungi: shingo sm 20 hadi 25, tumbo pana zaidi, kina kilekile ulichopima. Rudisha kwanza mchanga wenye unyevu, mkavu uwe juu kabisa. Mkavu ukianza kushuka unajaza nafasi kati ya mayai, hewa inaisha. Kati ya kiota na kiota acha mita 1.

Tondoo
Dada BintiMkoko kasema yote isipokuwa kivuli. Kuna vituo vinajenga banda la makuti juu ya viota vyote kisha wanafurahi kuwa mayai "yamepoa". Jinsia ya kasa huamuliwa na joto la mchanga. Mpaka uko karibu na nyuzi 29 za Selsiasi: juu ya hapo wanatoka majike wengi, chini yake madume. Banda zima kwenye kivuli, tena kwenye mvua za masika, linaweza kukupa madume watupu. Na eneo lisilo na kivuli kabisa wakati wa kiangazi linapika mayai yakipita 33 au 34 kwa muda mrefu. Zika kipimajoto kwenye kina cha mayai, siyo juu. Kivuli kiwe cha nusu siku.

Wavu wa kuzuia mbwa, nguchiro na kenge: mita 1 kwa 1, matundu ya sm 10, ulazwe sm 10 chini ya mchanga na ubanwe kwa vigingi pembe zote. Plastiki ngumu ni bora kuliko chuma. Kosa la kila mwaka ni wavu wa kuku wa matundu madogo, vitoto vinanasa chini yake vikikaribia kutoka. Kitoto kina upana wa sm 4 hivi, akitanua mapezi anahitaji zaidi.

Na kibao chenye maandishi "kiota cha kasa" ni kumwonyesha mwizi. Pima umbali kutoka miti miwili, andika kwenye daftari. GPS ya simu inakosea mita kadhaa, na kuchimba duara la mita 5 kutafuta kiota chako mwenyewe ni aibu.

doria_alfajiri
Kuangua: siku 50 hadi 65, mvua nyingi zikichelewesha. Kuanzia siku ya 48 pita kila jioni. Dalili ni mchanga kubonyea kama sahani juu ya kiota, siku moja au mbili kabla. Wanatoka mchanga ukipoa, mara nyingi usiku. Hufuata upande wenye mwanga zaidi, kwa hiyo taa za hoteli nyuma ya pwani zikizimwa siku hizo mnaokoa wengi kuliko ndoo zote. Tochi nyekundu tu, ielekezwe chini. Msivibebe hadi majini, acheni vitambae.

Kufukua ni saa 48 hadi 72 baada ya kundi kubwa kutoka. Glavu, kisha mafungu: maganda matupu (lililozidi nusu ndilo linahesabiwa), mayai yasiyoanguliwa, waliokufa, walio hai. Mayai 118, maganda 101, ni asilimia 86. Yaliyobaki yasiyoanguliwa yafungueni muone yaliishia hatua gani. Yakiwa yote yameishia mwanzoni kabisa, rudini kwenye daftari la kuhamisha. Mabaki yafukieni.

MajiMafu
Kwa wanaohesabu pia ndege wa pwani kwenye doria, ndege nao ni maji hayohayo. Vitwitwi na sululu wanaondoka kuelekea kaskazini Aprili, wengine wameshabadilika rangi kuwa wekundu wa matofali. Hesabu ifanyike maji yakijaa, wakiwa wamebanana kwenye kisiwa cha mchanga. Yakipwa wametawanyika kilomita nzima za matope na utahesabu robo. Visiwa wanakotaga ndege buabua kuanzia Juni msishushe mtu, kwani ndege akiinuka jua linaua mayai haraka.

Kidau
La mwisho, kasa aliyenasa kwenye jarife (wavu mkubwa wa uvuvi). Akitolewa hatikisiki usimtupe majini, atazama. Mlaze kwa tumbo, inua nyuma sm 15 hadi 20, kivulini, kitambaa chenye maji juu ya gamba, pua iwe wazi. Gusa kope kila baada ya muda. Anaweza kuzinduka baada ya saa kadhaa, mpe hadi saa 24.

Akifa, azikwe mbali na kijiji na watu waambiwe kwa nini. Machi 2024 kisiwani Panza, Pemba, nyama ya kasa iliua watu 9, wakiwemo watoto 8. Sumu hiyo haitoki kwa kuchemsha wala kukaanga, na kwa kumtazama tu huwezi kumjua aliye nayo.