Magunia yakimwagika barabarani, alipe nani: dereva, makuli au tajiri?

Mwana wa Hombolo
Wadau, heshima kwenu. Juzi Fuso ya alizeti ilitoka soko moja la nafaka upande wa Kongwa kuja Dodoma mjini. Kwenye kona mzigo ukahamia kulia, kamba ikakatika, magunia 14 chini. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia, bodaboda mmoja tu aliingia mtaroni akatoka na vumbi. Tajiri kaamua dereva akatwe mshahara mpaka hasara iishe. Dereva anasema hakufunga yeye, walifunga makuli wakati yeye amepanga foleni ya stakabadhi ya ushuru. Huyu dereva ni mtoto wa mjomba wangu, kwa hiyo naumia pande zote. Alipe nani?

Gia Ndogo
Alipe dereva. Nimeendesha semi miaka 19, Dar kwenda Kigali, napita hapo hapo Dodoma. Mzigo ukishapanda gari langu ni wangu. Hata akifunga malaika, nitazunguka na tochi nivute kamba moja moja. Tena hawa makuli wa nafaka ndiyo usiwaamini kabisa, wanafunga magunia kama wanafunga kuku wa Krismasi.

Kijana wa Sokoni
Kuku wa Krismasi? Mzee Gia, shikamoo kwanza, maana umri ndio unaokuokoa. Mimi napakia nafaka mwaka wa saba. Kamba ni ya nani? Ya gari. Mnatuletea kamba za plastiki za bluu zimepigwa na jua la Dodoma misimu mitatu, ukizivuta zinatoa unga mkononi. Halafu ikikatika, kuli hajui kufunga. Mngekuja na kamba za maana mngeona kama kuku anatoka.

Gia Ndogo
Marahaba. Sikukutaja wewe.

Kijana wa Sokoni
Umetaja makuli wa nafaka. Mimi ni nani, mpiga filimbi?

Mwana wa Hombolo
Kamba zilikuwa mpya, zilinunuliwa mwaka jana.

Fundi wa Kizota
Tuache kuku. Kwa hesabu za Ulaya, mzigo unatakiwa uzuiwe usiende mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, pembeni na nyuma asilimia 50. Fuso ikibeba tani 7, ukikanyaga breki za ghafla ni kama tani 5.6 zinasukuma kuelekea kabini. Msuguano wa sakafu unasaidia, lakini sakafu yenyewe ina punje za alizeti, mnajua zinavyoteleza. Kingine, kamba inayopita juu ikiwa imelala kama ya kuanikia nguo haikandamizi kitu. Inakandamiza ikishuka karibu na wima. Na gunia hushuka safarini: kamba iliyolia kama gitaa sokoni, baada ya saa moja ya matuta unaingiza mkono chini yake. Ndiyo maana Marekani dereva analazimika kukagua mzigo ndani ya maili 50 za kwanza, kisha kila maili 150 au saa tatu, kinachotangulia. Maili 50 ni kama kilomita 80. Ukitoka hapa mjini kwenda Dar unasimama kabla ya Kibaigwa.

Ubuyu wa Bahi
Marekani dereva hana mbuzi wawili wa tajiri na shangazi wa tajiri juu ya turubai.

Gia Ndogo
Fundi hapo nakupa mkono, na hayo ya kusimama nilikuwa nayafanya kabla sijasikia habari za maili. Kuna mwaka nateremka Sekenke kwenda Igunga na nondo. Tajiri alikuwa amekataa minyororo, akasema kamba zinatosha. Gia ya pili, nateremka taratibu, mbele lori limekata pumzi katikati ya kona. Nikakanyaga. Nikasikia mlio mmoja tu, kama mtu anaburuza kitanda cha chuma darini. Kushuka naangalia, nondo zimetoboa bati la mbele la tela na zimesimama upana wa kiganja kutoka kwenye kitanda changu. Utingo alikuwa amelala hapo. Sikumwamsha. Tangu siku hiyo chuma nafunga kwa mnyororo, na nondo lazima ziegemee ukuta wa mbele zisiachiwe nafasi ya kupata mbio.

Kijana wa Sokoni
Pole mzee wangu. Lakini unaona, na hapo kosa lilikuwa la tajiri, si la kuli.

Mama Mashudu
Mimi nakamua alizeti Singida, nashusha magari kila wiki. Mnazunguka tu. Tatizo ni lumbesa. Gunia lenye kilemba juu ni duara kama mtungi, ukipanga safu tano yanabingirika yenyewe, hata ufunge kwa nyaya za umeme.

Kijana wa Sokoni
Mama, lumbesa anaitaka dalali. Mgongo unaoibeba ni wangu.

Mkulima wa Pandambili
Asante mama kwa kuligusa. Gunia halali lisizidi kilo 100, Wakala wa Vipimo wanatuambia kila mwaka. Dalali anakuja na gunia lake, anashona kilemba, ananilipa gunia moja. Ninyi mnalia magunia 14 barabarani, mimi debe linamwagika kwenye kila gunia na hakuna anayefungua mjadala.

Ubuyu wa Bahi
Mkulima, gunia la kilo 100 hulijazi wewe? Unashikiwa bunduki?

Mkulima wa Pandambili
Nashikiwa ada ya shule. Wewe una shamba au unakula ubuyu tu?

Gia Ndogo
Lumbesa inatuumiza na sisi. Unahesabu magunia, unajua uko sawa, unafika mizani ya Nala unaambiwa umezidi. Na sheria yenyewe ya 2019 inataka tani 58.

Fundi wa Kizota
56 mzee, tena kwa gari la ekseli saba. Na sheria ni ya Afrika Mashariki ya 2016, sisi tulianza kuitumia Machi 2019. Ila mizani inapima uzito, haipimi kamba. Unaweza kupita ukapewa karatasi safi na mzigo umeshikiliwa na dua.

Gia Ndogo
56, 58, faini nililipa mimi.

Asha wa Mizigo
Naomba niseme kitu. Nafanya hesabu za malipo kwenye ghala. Kupakia kuna bei kwa gunia. Kushusha kuna bei. Kufunga hakuna bei. Kuli akimaliza gunia la mwisho anakimbilia gari jingine kwa sababu pale ndipo hela ilipo, dereva anaona kazi ya kamba ni ya utingo, utingo analipwa chakula. Tajiri angeweka hata elfu kumi ya kufunga na kukagua, kazi ingepata mwenyewe. Kwa sasa wanatupia turubai juu, wanaondoka.

Ubuyu wa Bahi
Dada Asha, turubai si la kufunga, ni la mvua.

Mkulima wa Pandambili
Na la kufichia lumbesa.

Mama Mashudu
Usiseme hivyo mwanangu, turubai zuri linazuia punje zisimwagike. Langu nilinunua la kijani, lile zito, mwaka wa nne huu.

Gia Ndogo
Ya kijani yanapauka haraka mama. Chukua ya kijivu.

Kijana wa Sokoni
Mzee Gia, sijasahau kuku. Jumatano napakia Fuso mbili. Njoo ufunge wewe, mimi nitakaa kwenye gunia nile muhogo nikuangalie.

Gia Ndogo
Nakuja. Kamba naleta mwenyewe. Chai juu yako.

Mwana wa Hombolo
Jamani tumehama kabisa kwenye mada. Kwa hiyo magunia yangu 14 yanalipwa na nani?

Ubuyu wa Bahi
Magunia YAKO?